Sura ya Nne: Nyumba ya Mlimani Juu ya Mji Kasoro Bahari

Waliouita Morogoro mji kasoro bahari waliusifu na kuusikitikia kwa neno moja. Maana mtu hawezi kuutaja upungufu wa kitu kimoja ila baada ya kuyahesabu na kuyakubali yote mengine yaliyopo, na anayesimama alfajiri katika Barabara ya Boma, uso ameuelekeza kusini, akaiona milima ya Uluguru imepanda ghafla nyuma ya mapaa ya nyumba, mawingu yamekaa mabegani mwake na vijito vinang'ara katika mikunjo yake, hana budi kukiri kwamba wenye lakabu hiyo hawakukosa insafu. Bahari iko mbali, mwendo wa kilomita zipatazo 190 hadi Dar es Salaam. Lakini kila kingine ambacho binadamu hukitafuta anapoondoka kwake kwenda kupumzika, nacho ni baridi ya kiasi, maji yatembeayo, kivuli, matunda, muziki na mandhari ya kuondoa huzuni, kipo hapa, na aghalabu hakihitaji tikiti.

Sura hii ni ya mahali pa tafrija, na msomaji huenda akatazamia kusikia habari za mabembea na magurudumu makubwa. Habari hizo nimezisoma, wala sizidharau. Bustani ya Tivoli mjini Copenhagen ilifunguliwa mwaka 1843. Tarehe 17 Julai 1955 Walt Disney alifungua huko Anaheim, California, uwanja wa michezo na maajabu uliokuja kuwa kielelezo cha viwanja vya namna hiyo ulimwenguni. Na katika pwani yetu wenyewe, Kunduchi, watoto wa Dar es Salaam huteleza katika mifereji ya maji iliyopakwa rangi za kila aina, na furaha yao ni furaha ya kweli. Katika uwanja ule wa California ulijengwa mwaka 1959 mlima wa kuigiza, ukafuatishwa umbo la mlima Matterhorn wa Uswisi, kimo chake mita 45 hivi, ili watu wapandishwe na kuteremshwa kwa kasi huku wakipiga mayowe ya raha. Niliposoma habari za mlima huo nilikuwa nimeketi chini ya Lupanga, kilele chenye zaidi ya mita 2,100, na fikira iliyonijia saa ile ndiyo iliyonisukuma kuandika sura hii: kwamba kuna watu waliotumia mali nyingi kujiundia mlima mdogo kwa ajili ya tafrija, ilhali sisi tuliojaliwa milima mikubwa bila ya gharama bado hatujaihesabu miongoni mwa starehe zetu.

Uluguru ina mahali pamoja ambapo kwa takriban miaka 110 pamehesabiwa kuwa pa starehe, napo ni Morningside. Jina hilo ni la Kiingereza, ijapokuwa waliojenga nyumba iliyopo pale ni Wadachi, yaani Wajerumani. Lakini mji una historia kabla ya Wadachi, na si adabu kuiruka.

Karne ya kumi na tisa ilipokuwa katikati yake, Morogoro ilikuwa ngome. Mtu aliyeitwa Kisabengo, shujaa kwa wafuasi wake na balaa kwa jirani zake, alikusanya watu waliotoroka utumwa na wengine waliotafuta sitara, akaweka chini ya mlima maskani yenye maboma ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Simbamwene, na jina hilo likawa pia la binti yake aliyeshika utawala baada yake. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871, katika safari ya kumtafuta Livingstone, aliukuta mji una kuta za mawe na minara, akaustaajabia, na akalistaajabia zaidi bonde lililouzunguka kwa rutuba yake na kwa uzuri wa milima iliyolitazama. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi ilipafurahia mahali hapa kwa sababu ile ile itufurahishayo sisi leo: mtu aliyetembea siku nyingi katika joto la mbuga hufika hapa akapata maji baridi na chakula tele. Kwa hiyo mapumziko ya Morogoro hayakuvumbuliwa na mzungu. Wapagazi waliitua mizigo yao chini ya Uluguru kabla ya kuwekwa jiwe la kwanza la Morningside.

Reli ndiyo iliyoubadili mji. Wadachi walianza kuitandika kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule ilipolipuka Vita ya Maji Maji, na ilipofika mwaka 1907 gari la moshi lilikuwa likipiga honi Morogoro. Safari iliyowachukua wapagazi siku nyingi ikawa ya mchana mmoja, na bwana mkubwa wa Dar es Salaam aliyekuwa akitokwa na jasho juu ya madaftari yake akaweza kufika chini ya mlima kabla ya jua kuchwa. Zaidi ya joto, alikimbia homa. Ronald Ross alikuwa amekwisha kuthibitisha huko India, mwaka 1897, kuwa vidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Na Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Ujerumani, alikuja Afrika Mashariki katika mwaka huo na uliofuata kuyachunguza maradhi hayo, pamoja na swali la kama nyanda za juu zinasalimika nayo. Kutokana na ilimu hiyo ikaenea kati ya watawala itikadi kwamba siha ya mzungu katika nchi za joto imo mlimani. Ndiyo sababu walijenga Lushoto, wakaiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na ndiyo sababu, takriban mwaka 1911, waliinua nyumba ya mapumziko katika bega la Uluguru, mita zipatazo 1,300 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo usiku hutaka blanketi ilhali mjini chini, penye mita 500 hivi, watu hulala madirisha wazi.

Walichagua vizuri, na hili lazima niwakubalie. Anayesimama katika baraza ile huuona mji wote umetandazwa chini yake kama mkeka, na ng'ambo yake mbuga za Mkata na Wami zikififia mpaka upeo wa macho usiposema tena kama ni ardhi au ni mawingu. Lakini uzuri huo haukukusudiwa kwa kila jicho. Wenye mlima, Waluguru, walikuwa wakilima pande zote za nyumba hiyo, nao waliifikia kwa kazi tu. Walipanda na mizigo ya wageni na kushuka mikono mitupu. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu moto wa Maji Maji uzimwe kwa damu na njaa, na mtu aliyekunywa kahawa yake barazani pale akitazama machweo aliiona nchi iliyotii. Nayaandika haya bila ya chuki, kwa kuwa nyumba haina hatia ya waliokaa ndani yake, na kwa kuwa yeyote anayepanda leo kustarehe anastahili kujua starehe hiyo ilianza vipi.

Wadachi wenyewe hawakuifaidi sana nyumba hiyo. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro, na askari wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wadachi, wakaizunguka Uluguru kukimbilia kusini, pande za Kisaki, wakiacha nyuma yao reli iliyoharibiwa na mji uliobadili bendera. Nyumba ya mlimani ikapata mabwana wapya, wasemao lugha nyingine lakini wenye mazoea yale yale ya kupanda juu joto linapozidi.

Mabwana hawa wapya walikuja kuwa na shauri kubwa kuhusu mlima. Waliona mashamba yamepanda mpaka kwenye miinamo ambayo mbuzi husita kuikanyaga, wakaona mvua ikiteremka na udongo mwekundu mpaka mtoni, nao wakaogopa kwamba mito itakufa. Khofu yao ilikuwa na msingi. Dawa waliyoitoa ndiyo iliyokosa hikima: kuanzia takriban mwaka 1950 ukawekwa mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao ndani yake kila mkulima alilazimishwa, kwa amri na kwa faini, kuichonga miteremko yake kuwa matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa ngumu kupita kiasi. Udongo wa chini, usio na rutuba, uliletwa juu na ule mzuri ukazikwa. Mavuno yakapungua katika mashamba mengi, na watu wakauliza, kwa haki, ni nani anayekula faida ya jasho hilo. Mwaka 1955 subira ikaisha. Pande za Matombo watu walikusanyika kukataa, askari wakatumia risasi, mtu akapoteza uhai, na mpango ukavunjika. TANU, iliyozaliwa mwaka mmoja kabla, ilipata katika milima hii wanachama ambao hawakuhitaji kuhubiriwa maana ya kutawaliwa.

Msomaji atazame tarehe hizo. Mwaka ule ule ambao huko California watu walipanga foleni kuingia katika mji wa ndoto, watu wa Uluguru walisimama mbele ya bunduki kwa ajili ya mlima wao wa kweli. Siwezi kuupanda mlima huu bila ya kuikumbuka sadfa hiyo. Pia haingekuwa insafu kuficha kwamba matuta yenyewe si mabaya kwa asili yake: upande wa Mgeta, ambako watu walikuwa na maji ya kumwagilia na soko la mboga mjini, ngazi hizo zimedumu mpaka leo kwa hiari ya wenye mashamba, na kabichi, karoti na njegere zinazouzwa Dar es Salaam hupandwa juu yake. Kilichokataliwa Matombo kilikuwa amri isiyosikiliza.

Sasa na tupande. Njia ya Morningside huanzia penye majengo ya serikali ya Barabara ya Boma, ikafuata bonde la mto Morogoro, na mwenye miguu mizuri hutumia saa mbili hivi, na asiyezoea tatu, na yote mawili ni sawa. Nashauri kuanza mapema, saa kumi na mbili na nusu, si kwa ajili ya jua tu, bali kwa sababu saa hiyo mlima unateremka. Kina mama wanashuka na matenga ya ndizi, magimbi, mchicha na matunda damu, vichwa vimenyooka na shingo hazitetereki, wakielekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Vijana wanashuka na mafungu ya miwa, na wengine na vikapu vya stroberi, tunda dogo jekundu ambalo wageni huliona kama ajabu na watoto wa mlimani huliuza kwa vibakuli. Mpandaji huwapisha. Hii ndiyo adabu ya kwanza ya njia ile, maana wewe unakwenda kutembea na yule yuko kazini, na njia ni ya mwenye mzigo.

Ukishaacha nyumba za mwisho za mji, mazingira yanabadilika kwa kila mzunguko wa njia. Migomba inasimama kwenye miteremko mikali hata mtu hujiuliza mkulima hujifunga kwa kamba gani; chini yake mahindi na maharage, na kando ya kijito, magimbi yenye majani mapana kama sinia. Jua likishapanda kidogo njia yenyewe huanza kumeta, na mgeni akiinama huona vipande vidogo vyembamba kama magamba ya samaki. Ni ulanga, ambao Wadachi waliuchimba katika milima hii. Mtoto mmoja aliyetusindikiza alijaza mfuko wake akasema anampelekea dada yake, na nadhani hakuna duka la kumbukumbu katika viwanja vyote vya Marekani linaloweza kumpa zawadi bora zaidi.

Niliongozwa na kijana wa mlimani ambaye kila aliponiona nimekosa pumzi alitafuta sababu ya kusimama isiyonifedhehesha. "Mjomba," aliniambia katika daraja la pili, "hapa kila mtu husimama, ni dasturi." Neno hilo mjomba ni la heshima popote nchini, lakini Uluguru lina uzito wake, maana Waluguru hufuata nasaba ya mama, ukoo wao, lukolo, hurithishwa kwa kina mama, na ardhi ya ukoo iko chini ya dhamana ya wajomba. Huko Kinole, upande wa mashariki, cheo cha Kingalu kimepokewa kizazi baada ya kizazi, na mwenye cheo hicho alijulikana mbali kwa kuombwa mvua. Kwa hiyo kila shamba unalopita lina mwenyewe, na lina hadithi ya bibi aliyelifyeka. Hakuna pori lisilo na mtu katika njia ya Morningside, na mgeni anayechuma ndizi ya njiani kwa kudhani ni ya Mungu tu ataambiwa, kwa upole, ni ya nani.

Hatimaye nyumba inatokea. Kuta zake nene zingali zimesimama, lakini uchakavu wake hauhitaji shahidi, na anayefika akitazamia kasri atavunjika moyo kwa muda usiozidi kugeuza uso; maana akigeuka nyuma huona alichokipandia. Nilikaa pale saa nzima. Mjini chini gari moshi lilikuwa likiingia, dogo kama jongoo, na sauti yake ilitufikia baada ya kupita. Juu yetu wingu lilikuwa limeanza kuteremka kutoka Bondwa, na baridi yake ilitufanya tujifunge mashuka saa tano ya mchana katika nchi ambayo wengi huijua kwa joto. Wadachi walijenga nyumba, lakini hali hii hawakuijenga wao, na ndiyo iliyobaki salama.

Wengi huishia hapo na kurudi, nao hawakukosea. Mwenye nguvu na kibali huendelea kwa saa mbili na zaidi mpaka Bondwa, kilele chenye mita 2,120 hivi na minara ya mawasiliano juu yake, na njiani huingia katika jambo jingine kabisa: msitu. Mashamba yanakatika kama yaliyokatwa kwa kisu, na mtu anaingia katika giza la kijani, miti imevaa kuvu na majani ya ukungu, matone yanaanguka pasipo mvua. Msitu huu ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya ikapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru mpaka Udzungwa, milima ya kale ambayo misitu yake, kwa kulishwa na mvua ya bahari ya Hindi, ilidumu wakati nchi za jirani zilipokauka, na viumbe vyake vikakaa humo kwa zama zisizohesabika, vikiwa mbali na jamaa zao, mpaka vikawa aina za peke yake. Mimea zaidi ya 100 ya Uluguru haioti popote pengine duniani. Yumo kipwe wa Uluguru, ndege mweusi kichwani, manjano kifuani, anayesikika mara nyingi kuliko kuonekana, wala hayumo katika msitu mwingine wowote ulimwenguni. Yumo chozi anayeitwa kwa jina la Loveridge, mtaalamu aliyekusanya viumbe vya milima hii. Na yumo chura mdogo wa ajabu ambaye, tofauti na vyura wengi, hatagi mayai majini, bali huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura. Kando ya maji, penye mwamba wenye kivuli, kuna jamaa za lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya kutoka Usambara mnamo mwaka 1892, na ambalo leo limo katika vyungu vya madirisha ya nyumba zisizohesabika za Ulaya na Marekani. Bibi mmoja wa London hulimwagilia kila asubuhi bila ya kujua kwamba nduguze wanaota bure juu ya Morogoro.

Uluguru haina njia moja. Kuna maporomoko ya Choma, ambayo hufikiwa kwa mwendo wa mchana bila ya kuingia katika hifadhi kuu. Kuna Hululu, upande wa Mgeta, ambako maji huanguka kwa kimo cha mita 40 hivi. Kuna nyanda za juu za Lukwangule, na Kimhandu, kilele kikuu, chenye zaidi ya mita 2,600, ambacho ni cha wenye siku nyingi na mahema. Kuna vijiji vya Madola na Nugutu, ambako wageni huoneshwa ufinyanzi, uchongaji na ususi. Na kwa asiyeweza kupanda kabisa, mzee au mwenye watoto wachanga, kuna Rock Garden chini ya mlima, penye miamba, kijito na vivuli, ambako jamaa nyingi za Morogoro hufanya sikukuu zao. Magharibi, kwenye barabara ya Iringa, iko Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964 na kutandaa kilomita za mraba 3,230, ambamo abiria wa basi huona tembo na twiga bila ya kuinuka kitini. Hiyo ina vitabu vyake, nami siongezi.

Bali siwezi kunyamaza juu ya usiku wa Morogoro, kwa kuwa mji huu ulikuwa na starehe nyingine iliyovuka mipaka kuliko mandhari yake. Hapa Salum Abdallah aliongoza Cuban Marimba mpaka mauti yalipomchukua mwaka 1965. Hapa Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, aliinuka katika Morogoro Jazz na gitaa ambalo lilisikika kutoka Mombasa mpaka Kongo, na mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kupiga katika maonyesho makuu ya ulimwengu. Alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, naye hajatimiza miaka 35. Watu walipanda gari la moshi kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya dansi la Jumamosi. Mlima uliwapa baridi ya kuchezea mpaka alfajiri, na sidhani muziki ule ungekuwa vile ulivyokuwa kama ungezaliwa katika mji wenye joto.

Nimekiacha mwisho kitu kilicho kikubwa kuliko vyote, nacho ni maji. Mashariki ya Uluguru, mahali pengine, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka; msitu huipokea, huinywa, kisha huitoa kidogo kidogo kupitia vijito vinavyokuwa mto Ruvu. Katika Ruvu, mitambo miwili, ule wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini wa mwaka 1976, huyachota na kuyapeleka Dar es Salaam. Na mto Morogoro wenyewe, ule ule tuliouvuka mara mbili tukipanda, huingia katika Ngerengere, na Ngerengere huingia katika Ruvu. Kijana wangu alijua hayo vizuri. Tulipofika kijitoni alichota kwa kiganja, akanywa, akasema, "Mjomba, haya watakunywa Kariakoo." Alisema kwa fahari, kama mtu atajaye mali ya ukoo wake.

Ndiyo maana mwaka 2008 serikali iliunganisha misitu ya juu kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, hektari zipatazo 24,000, na ndiyo maana mgeni anayetaka kupita juu ya mashamba hulipa kiingilio na kuandika jina lake. Nimesikia watu wakiinung'unikia fedha hiyo. Mimi naona ni tikiti ya haki kuliko zote ninazozijua. Katika uwanja wa kuigiza mtambo ukiharibika fundi huitwa, mfereji wa maji ukabadilishwa, na watoto wakarudi kuteleza. Katika Uluguru mtambo ni msitu wenyewe, na ukikatwa hakuna fundi. Na bado unakatwa. Kutoka barazani Morningside nilihesabu mioto mitatu ya kusafishia mashamba katika kipindi cha mchana mmoja, na moshi wake ulipanda kuelekea kule kule mvua inakotoka.

Hatari mpya inakuja kwa njia ya furaha. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, na safari imekuwa ya chini ya saa mbili. Mambo ambayo Wadachi walijifanyia wao na wageni wao sasa yamefunguliwa kwa karani, mwalimu, mwuza duka na wanafunzi wa vyuo, wanaoweza kuondoka Dar es Salaam asubuhi, kupanda Morningside, na kulala kwao. Nimelipokea jambo hili kwa moyo wote, maana nimesubiri maisha yangu yote kuona wenye nchi wakikaa katika baraza ile. Lakini njia ile ile niliyoipita miaka mingi iliyopita ikiwa safi, juzi niliikuta ina chupa za plastiki katika kila daraja, na kijitoni, mahali ambapo kijana wangu alikunywa, palikuwa na mifuko iliyonaswa na mawe.

Kwa hiyo nawaomba watu wa namna mbili. Wenye dhamana ya nyumba ya Morningside, nawaomba muitengeneze wakati kuta zingali wima, iezekwe, ipewe mlinzi na maji, na ndani yake iwekwe habari ya mlima wote: ya Kisabengo na ya Wadachi, ya Matombo ya mwaka 1955 na ya kipwe asiyekuwapo pengine. Nawe msomaji, usingoje itengenezwe. Panda gari la asubuhi, mchukue kijana wa mlimani akuongoze na umlipe ujira wake bila ya kubishana, nunua ndizi kwa mama unayekutana naye akishuka, umpishe njia, na kila ulichopanda nacho ushuke nacho.